Kiangazi Chenye Baridi

Neno kiangazi lina kalenda mbili katika lugha yetu moja. Kwa mwenyeji wa Unguja, Mombasa au Tanga, kiangazi ni majira ya jua kali yaanzayo Desemba na kuendelea hadi karibu na Machi, upepo wa kaskazi ukivuma na watu wakiyangoja masika. Juni, Julai na Agosti kwake ni kipupwe, miezi ya ubaridi na upepo wa kusi. Kwetu Mwanza, ukimtajia mtu kiangazi, mawazo yake huenda moja kwa moja kwenye miezi hiyo hiyo ya Juni, Julai na Agosti: mvua imekatika, nyasi zimekuwa rangi ya mchanga, vumbi limeamka barabarani, na alfajiri watu hutembea wamejikunyata ndani ya khanga na makoti. Kiangazi chetu kina baridi. Mzozo juu ya jambo hili ulizuka uani kwa majirani zangu katika likizo ya Juni iliyopita, kwa sababu ya ubeti mmoja wa mtoto, nami nauleta mbele yenu, malenga na wapenzi wa lugha, kwani naona unatuhusu sote tuandikao Kiswahili mbali na bahari.

Ninaishi Igombe, wilaya ya Ilemela, kaskazini mwa jiji la Mwanza, mahali ambapo mawe makubwa ya Usukuma huteremka hadi majini, na kati ya mawe hayo mna vipande vya mchanga. Majirani zangu wa karibu ni mke na mume vijana, wapangaji wa vyumba viwili, wenye watoto watatu: binti wa darasa la sita, mvulana wa miaka mitano, na mchanga abebwaye mgongoni. Baba ni mvuvi wa dagaa. Mama huwaanika dagaa na kuwauza kwa wachuuzi wanaowapeleka Kirumba, kwenye soko la Mwaloni. Ua wao na wangu umetenganishwa na mstari wa minyaa, nao una matundu mengi ya watoto kupitia. Wakubwa huniita Mwalimu, wadogo huniita Babu, na majina yote mawili nayaitikia.

Kwa familia hii kiangazi ni riziki kwanza, majira baadaye. Wakati wa masika dagaa hukosa jua la kuwakausha. Hugeuka rangi, hunuka, na mwisho huuzwa kwa bei ya chini kuwa chakula cha kuku. Kiangazi kikiingia, anga hufunguka. Asubuhi mama na wenzake hutandika nyavu chakavu juu ya mchanga, humwaga dagaa na kuwatawanya kwa mikono hadi ufukwe mzima ung'ae kama uliopakwa fedha. Wenye uwezo hutumia vichanja, kwa kuwa dagaa wa kichanja hawana mchanga na hupata bei nzuri zaidi. Mama huyu anaweka akiba ya kununulia mbao na wavu wa kichanja chake cha kwanza. Watoto hupewa kazi ya kufukuza kunguru na yangeyange, kazi ambayo wao huiita mchezo. Likitokea wingu la ghafla, maana ziwa lina mvua zake zisizofuata kalenda, hapo ndipo utakapouona ujirani wetu. Kila aliye karibu huacha alichoshika akakimbilia mchangani kuzoa dagaa, wala hakuna aulizaye ni wa nani. Nimewahi kumwona fundi cherehani akiiacha nguo ya mteja chini ya sindano. Kugawana hufanyika baadaye, na sijausikia ugomvi.

Jioni jua likipungua ukali, jamaa hawa hupanda juu ya jiwe moja pana lililo nyuma ya nyumba, jiwe ambalo huwa limehifadhi joto la mchana kutwa. Mama huja na sufuria ya matobolwa na karanga za kukaanga. Majirani huja na walichonacho. Watoto wangependa kuoga popote, lakini mama amewachagulia mahali: penye mawe na mawimbi, si penye matete na maji yaliyotulia, kwani huko ndiko waliko konokono waenezao kichocho. Ni wakati ambapo mavuno yamekwisha kuingia ghalani kote Usukuma. Juni ndio mwezi wa sherehe za Bulabo kule Bujora, Kisesa, ambako wafuasi wa Bagalu na wa Bagika hushindana kwa ngoma, kila upande ukiwavuta watazamaji upande wake. Mvulana yule wa miaka mitano ameshajitangaza kuwa ni Mgika, nasi hatujui nani alimfundisha.

Hata hivyo, furaha ya nyumba hii haifuati jua peke yake. Inafuata na mwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri na za sola. Taa huwavuta dagaa usiku ukiwa mweusi. Mbalamwezi ikienea, taa hushindwa, na wavuvi hupumzika siku kadhaa. Kwa hiyo pale mwaloni mwezi umegawanyika sehemu mbili, giza na mbalamwezi. Mvuvi husema "tuko kwenye giza" kama mwalimu asemavyo "tuko kwenye muhula". Wakati wa giza watoto humwona baba akiwa amelala mchana, wakanyamazishana. Usiku humwona kama nukta moja ya mwanga katikati ya mji wa taa ulioelea juu ya maji. Mbalamwezi ikija, baba yupo. Hushona nyavu mlangoni, humbeba mwanawe mabegani hadi kwenye jiwe, na jioni husimulia visa vya visiwani, huku mkewe akimsahihisha. Likizo ya shule watoto hawa wanayo kama wenzao wote, lakini likizo yao hasa ni mbalamwezi ya kiangazi.

Katika giza la Juni hiyo upepo uligeuka usiku wa manane. Niliusikia kwenye mabati. Kulipokucha mitumbwi ilirejea mmoja mmoja, na wa jirani yangu haukuwamo. Hakuna aliyesema neno. Wanawake walitandika nyavu zao mchangani bila kumwaga kitu juu yake. Binti alikaa juu ya jiwe, amempakata mdogo wake, akiyatazama maji. Sisi wa ziwa hili tuna tarehe zetu. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa inaikaribia Mwanza, wakafa mamia ya watu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la Ukara, wakafa watu zaidi ya 200. Ukizitazama tarehe hizo kwenye kalenda utaona kuwa moja imesimama penye mlango wa kuingilia kiangazi na nyingine penye mlango wa kutokea. Yapata saa nne mtumbwi ulionekana ukivutwa na mwingine. Injini ilikuwa imekufa njiani. Mama aliipokea taa na ndoo, akamwambia mumewe kwamba uji umeshapoa, kisha akaingia ndani na kukaa humo kwa muda.

Siku tatu baadaye binti alipenya kwenye tundu la minyaa akiwa na daftari.

"Shikamoo Babu. Naomba unihesabie mizani."

"Marahaba mjukuu wangu. Hesabu wewe kwa vidole, mimi nisikilize."

Alihesabu, na ubeti wenyewe ulikuwa huu:

Kiangazi kimefika, asubuhi ni baridi,
Dagaa wanakauka, mchangani wamezidi,
Mwezi ukikamilika, baba yetu atarudi,
Giza likishafunika, twamngoja kwa ahadi.

Nane kwa nane, mishororo minne, kina cha kati na cha mwisho vimesimama. Nilimwambia akawasomee wenzake uani, na hapo ndipo mambo yalipoanza.

Nyumbani kwao walikuwa wamefika wageni: mdogo wake mama na mumewe, mzaliwa wa Tanga, ambaye kwa watoto ni baba mdogo. Ni mtu mpole, apendaye ushairi na kuujua, naye hujivunia kwa haki kwamba ametoka mkoa alikozaliwa Shaaban Robert. Alimsikiliza mtoto hadi mwisho, akampigia makofi, kisha akasema: "Mwanangu, vina vimekaa na mizani imetimia. Ila kiangazi na baridi havilali kitanda kimoja. Huo ubaridi wa Juni jina lake ni kipupwe. Andika hivi: Kipupwe kimeshafika."

Sote tulihesabu kwa vidole. Nane. Laiti angesema "Kipupwe kimefika", tungemrudishia kwa upungufu wa mizani moja na mjadala ungeishia hapo. Lakini pendekezo lake lilikuwa kamili, na kina cha kati hakikuguswa. Arudhi iliwakubali wote wawili, mtoto na mgeni, ikajiweka kando. Lililobaki kuamuliwa lilikuwa ni ukweli wa neno.

Nilijaribu kumtetea mtoto kwa njia niijuayo. Nilisema kwamba kiangazi ni jamaa ya anga, mwanga na angaza. Ndani yake mna nuru, hamna joto. Joto limeambatana nalo pwani kwa sababu huko miezi ya anga safi ndiyo miezi ya hari. Hapa tuko kwenye kimo cha takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Anga ya Juni huwa wazi usiku kucha, ardhi hupoteza joto lake, na alfajiri hutuletea baridi chini ya nuru ile ile. Kwa mzizi wake, neno hili lina haki kwetu kama lilivyo na haki Tanga.

Shemeji yao alicheka. "Mwalimu, mzizi haulifungi neno. Pwani imetokana na kupwa, sivyo? Lakini maji yakijaa, bado tunaiita pwani. Neno hufungwa na watu walitumiao." Sikuwa na la kumjibu, maana alisema kweli.

Aliyemjibu ni mama wa watoto, ambaye alikuwa akipepeta dagaa na hakuonekana kusikiliza. "Haya shemeji, watu walitumiao ndio sisi hapa. Nikisimama pale mwaloni nikatangaza kwamba kipupwe kimefika, nani atatandika nyavu? Nikisema kiangazi, kesho yake mchanga wote umejaa." Kisha akaendelea kupepeta.

Mgeni aliinamisha kichwa kwa heshima, ila hakuwa amemaliza. Aliuliza pia kuhusu mshororo wa nne: kwa nini giza liingie katika shairi la furaha? Baba wa watoto, ambaye si msemaji, ndiye aliyeeleza. Alisema giza ni kazi. Giza ndilo linalolipa kodi ya vyumba na kununua madaftari. "Ila na wao huku nyumbani wana giza lao," alisema, akatazama pembeni. Binti naye alitazama chini. Tuliokuwapo tulielewa kwamba mtoto aliandika neno moja lenye maana zote mbili, na kwamba ahadi aliyoitaja ni ile ya asubuhi ya siku tatu zilizopita.

Kauli ya yule bwana kuhusu pwani imekaa nami tangu siku hiyo. Bahari hupwa na kujaa kila siku, na lugha iliyozaliwa kando yake imejaa mwendo huo: maji kupwa, maji kujaa, bamvua, pwani yenyewe. Ziwa letu halina kupwa na kujaa kwa namna hiyo. Lina mwendo mwingine, wa polepole, upimwao kwa miaka. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 lilipanda kwa zaidi ya mita mbili, na mwaka 2020 likafikia tena kimo cha enzi hizo, likaingia mashambani na kwenye nyumba za watu. Hapa mtu anaweza kujaliwa na maji mara moja utotoni na mara ya pili uzeeni. Huo ni mwendo wa kutosha kwa utenzi mzima, lakini mshairi wa Mwanza akitaka kusema maisha yana kupanda na kushuka, mkono wake huandika bamvua ambayo hajawahi kuiona.

Mifano iko mingi. Kamusi zitakuambia kwamba mtumbwi ni chombo kilichochongwa kwa gogo la mti. Mtumbwi wa jirani yangu umeundwa kwa mbao zilizopigiliwa misumari, na hakuna aliyewahi kuukana jina. Mahali pa kushushia samaki mtu wa pwani hupaita diko, sisi hupaita mwalo. Ukisema visiwani Dar es Salaam, watu huelewa Unguja na Pemba. Useme Mwanza, huelewa Ukerewe, Ukara na Kome. Na neno ziwa lenyewe! Mtoto hunyonya ziwa la mamaye, na watu wa nchi tatu, Tanzania, Uganda na Kenya, tumelizunguka ziwa moja tukila kutoka humo. Jambo hili limekaa wazi ndani ya lugha kama embe lililoiva chini ya mti, na washairi tunaliruka tukienda kutafuta lulu baharini.

Sisemi kwamba maneno ya pwani tuyakatae. Pwani ndiko lugha ilikolelewa, na ushairi wake ndio shule yetu sote. Nasema lugha iliposafiri hadi ziwani ilikuta watu, maji, samaki na majira, ikayapa majina, wakati mwingine kwa neno jipya na mara nyingi kwa neno lile lile lililobadilisha mavazi. Kazi hiyo ina mzee wake. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza kuandika riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Kwa kukosa mchapishaji aliitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, nayo ikatolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1980 kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Ni habari ya nini? Ni habari ya mke na mume vijana kando ya ziwa hili: wakwe zao, majirani zao, kilimo na uvuvi wao, magonjwa yao, na watoto waliowapata baada ya kungoja sana. Kitereza hakuwahamishia Myombekere na Bugonoka pwani ili wafanane na Kiswahili. Alikiita Kiswahili kije Ukerewe kikae kigodani. Alifariki mwaka 1981, na sisi tuliobaki hatujakijaza kigoda hicho ipasavyo.

Nimefundisha lugha kwa miaka mingi, tangu nilipotoka chuo cha ualimu hadi nilipostaafu, na wanafunzi waliokuwa wepesi zaidi wa ushairi nimewaona wakikwama mahali pamoja. Walikuwa na macho ya ziwa na maneno ya bahari. Walipotaka kuandika juu ya nyumba zao waliona aibu, kana kwamba furaha ya wazazi juu ya jiwe lenye joto, na dagaa, na matobolwa, si kitu cha kupewa vina. Walidhani kwamba shairi lazima lianze na jahazi. Ndiyo maana mzozo wa uani niliutazama kwa makini kuliko ulivyostahili kwa macho ya wapita njia. Mtoto wa miaka kumi na miwili akikubali kwamba neno la mamaye ni kosa, hutaacha kuliona kosa hilo katika kila atakachoandika baadaye. Atakuwa kila mara anamwomba mtu wa mbali ruhusa ya kuiona asubuhi yake mwenyewe.

Wageni waliondoka baada ya wiki mbili. Bwana yule wa Tanga aliondoka na msimamo wake juu ya kipupwe, nasi tulimsindikiza hadi kituo cha basi kwa upendo, maana alikuwa amezoa dagaa pamoja nasi siku ya wingu, suruali ikiwa imekunjwa hadi magotini, na alikuwa mwepesi kuliko vijana wetu. Aliniahidi kwamba Desemba, hari ya Tanga ikimzidi, atanipigia simu aniulize jina lake.

Binti aliuacha mshororo wake kama ulivyokuwa. Kando ya ukurasa ameandika kwa herufi ndogo: kipupwe, baridi ya pwani, neno zuri. Sikumwagiza aandike hivyo wala kumkataza. Mbao za kichanja zimekwisha nunuliwa, bado wavu, na ameanza ubeti wa pili kuhusu jambo hilo. Juzi alikuja kutafuta vina vya kichanja. Nilimpa kiwanja, onja amelipata mwenyewe.